Arosto ya dawa za maumivu (tramadoli, kodeini, mofini): dawa zinazoipunguza, miti shamba, na mambo ya kuogopa

Mfamasia wa Mkunazini (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na kwengineko.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya watu wanaotumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, yaani tramadoli, kodeini, mofini na sindano za pethidini, ambao wamefika mahali hawawezi tena kuziacha, na pia kwa ajili ya jamaa zao wanaowauguza ndani kwa siri. Habari za heroini zimezungumzwa sana visiwani kwetu, na kliniki zake zinajulikana. Mtu aliyeanzia kwenye cheti cha daktari baada ya kuvunjika mguu hazungumzwi, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba miayo, mafua yasiyoisha, jasho la usiku na kuumwa viungo kila anapochelewa kumeza kidonge ndiyo arosto, yaani mateso ya mwili unaoikosa dawa uliyoizoea, ile ile wanayoipata wenye kuacha unga.

Nianze na sababu, kwa kuwa ukiijua sababu utaelewa kila dawa inafanya kazi gani. Kwenye shina la ubongo kuna kituo kidogo kinachotoa noradrenalini, ambayo ndiyo inayouamsha mwili, kuupeleka moyo mbio na kuutia hadhari. Dawa za afyuni hukituliza kituo hicho. Zikitumiwa kwa wiki nyingi, kituo hujiongezea nguvu ili kishindane na kule kutulizwa, na ndipo mtu anapohitaji vidonge vingi zaidi kupata nafuu ile ile. Siku dawa ikikatwa ghafla, nguvu yote iliyolimbikizwa hubaki bila kizuizi: moyo hupiga kwa kasi, mboni hupanuka, vinyweleo husimama, machozi na makamasi hutiririka, na usingizi huruka. Utumbo nao, ambao dawa ilikuwa imeupooza na kuufungisha choo, huamka kwa msokoto na kuharisha. Kwa hiyo arosto si udhaifu wa imani wala si mapepo, na anayeipata si lazima awe mraibu. Mgonjwa aliyefuata cheti neno kwa neno naye mwili wake unaweza kuitegemea dawa.

Kwa dawa zinazofanya kazi muda mfupi, kama tramadoli, kodeini na mofini ya kawaida, dalili huanza baina ya saa 8 na 24 tangu kipimo cha mwisho, hupanda sana siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hudumu baina ya siku 4 na 10. Kwa dawa inayokaa mwilini muda mrefu kama methadoni, dalili huchelewa kuanza na huweza kuendelea hadi siku 20. Baada ya hapo mwili unatulia, lakini usingizi mbovu, unyonge wa moyo na hamu ya dawa huweza kubaki kwa wiki kadhaa na hata miezi.

Jambo la kwanza la tiba ni kupunguza dozi hatua kwa hatua, na hili nalisema mbele ya dawa yoyote kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Mwezi Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya madaktari wasiwakatishe ghafla wagonjwa walioizoea dawa ya afyuni, kwa kuwa baadhi yao walipata maumivu makali, dhiki ya nafsi na hata kufikia kujiua. Kwa mtu aliyetumia mwaka mmoja au zaidi, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unapendekeza kupunguza kiasi cha asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi. Kwa aliyetumia wiki au miezi michache, asilimia 10 kwa wiki inaweza kuvumilika. Mfano wa hesabu: anayemeza tramadoli miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli nane za miligramu 50, akipunguza kapsuli moja amepunguza asilimia 12 na nusu. Hatua inayofuata huja pale tu mwili ulipotulia, na daktari anaweza kumsimamisha mahali pamoja kwa muda bila ya kumrudisha nyuma.

Sasa dawa zenyewe. Nazigawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni dawa zinazoshika nafasi ya afyuni ile ile ndani ya mwili. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na matumizi yake ya kutibu uraibu yalianza New York katikati ya miaka ya 1960. Buprenofini yenyewe huishika nafasi ya afyuni nusu nusu, kwa hiyo ina kikomo chake na hatari yake ya kuzima pumzi ni ndogo zaidi, ingawa haijaondoka. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Buprenofini ina sharti moja: isianzwe mpaka arosto imeshaanza kuonekana waziwazi, kwa dawa za muda mfupi ni takriban saa 12 hadi 24 baada ya kipimo cha mwisho. Ikiingizwa mapema huisukuma nje afyuni iliyopo na kumtumbukiza mgonjwa kwenye arosto kali kwa ghafla.

Fungu la pili ni dawa zisizo za afyuni. Klonidini, ambayo asili yake ni dawa ya presha, hukituliza kile kituo cha noradrenalini kwa njia nyengine, na kwa hiyo hupunguza jasho, mapigo ya moyo, baridi na wahka. Ndugu yake, lofeksidini, ilianza kutumika Uingereza mwaka 1992 na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2018. Zote mbili hushusha presha, na mgonjwa akiinuka kitandani kwa haraka huweza kuanguka, kwa hiyo hupimwa presha kabla ya kila dozi. Hazifai kununuliwa na kumezwa kwa kukisia. Baada ya hizo kuna dawa za dalili moja moja: parasetamoli au ibuprofeni kwa viungo, haiosini kwa msokoto wa tumbo, metoklopramaidi au promethazini kwa kichefuchefu, loperamaidi kwa kuharisha.

Loperamaidi naieleza peke yake, kwa sababu nimeona mitandaoni watu wakishauriana kumeza vidonge vingi ili iwe badala ya afyuni. Kwa kipimo cha kawaida haivuki kuingia ubongoni. Bila ya daktari kikomo chake ni miligramu 8 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 2, na kwa usimamizi wa daktari ni miligramu 16. Mwaka 2016 mamlaka ile ile ya Marekani ilionya kwamba vipimo vikubwa vya loperamaidi huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Tafadhali asiijaribu mtu.

Karibuni kwa maswali. Daktari na muuguzi yeyote aliyemo humu aongeze na asahihishe.

Mtoto wa Wete

Wa alaykum salaam. Ahsante sana kaka yangu kwa maelezo haya.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akafungwa chuma kwenye paja, akaandikiwa tramadoli. Mguu umepona lakini vidonge havikuacha. Sasa anavinunua mwenyewe, na kwa ninavyojua anameza zaidi ya kapsuli kumi kwa siku. Akikosa siku moja anaharisha, anatetemeka, na mara ya mwisho alisema anasikia watu wakimwita na hapakuwa na mtu. Mama anasema ameingiliwa na shetani, na amekwishaletewa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, anywe. Nataka kumfungia chumbani wiki moja tu mpaka yaishe. Nauliza kama kuna hatari, maana nimesoma kwamba arosto haiui.

Mfamasia wa Mkunazini

Ndugu yangu wa Wete, usimfungie. Nakuomba kabisa.

Ni kweli kwamba kwa mtu mzima mwenye afya njema arosto ya afyuni mara chache huua yenyewe, isipokuwa kwa kuishiwa maji. Lakini tramadoli ina tabia mbili. Upande mmoja ni afyuni, na upande wa pili hufanya kazi kama dawa za kutibu sonona, kwa kuzuia serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, zisirudi zilikotoka. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanaoiacha ghafla hupata dalili ambazo wenye kuacha mofini hawazijui: hofu kuu ya ghafla, ganzi na kuchomwachomwa mikononi, kusikia sauti, kuona visivyokuwepo, kuchanganyikiwa. Hicho ndicho alichokipata mdogo wako. Mama hajakosea kuona kwamba ni jambo la kutisha, na dua zake ziendelee, lakini sababu yake imo kwenye dawa.

La pili ni degedege. Kikomo cha tramadoli kwa siku ni miligramu 400, yaani kapsuli nane za miligramu 50. Akipita hapo uwezekano wa kupata degedege unapanda, na unapanda zaidi kama anameza pia amitriptilini, fluoksetini au dawa nyengine za sonona. Huyu tayari amepita. Kwa hiyo asikatishwe, na pia asiachwe aendelee kama alivyo. Apelekwe hospitali kwa hiari yake, Wete kwenu hapo, au Chake Chake, au Abdalla Mzee kule Mkoani, akiwa na makasha ya vidonge anavyomeza ili daktari aone nguvu yake, kwa kuwa kuna kapsuli za miligramu 50 na kuna vidonge vya miligramu 100 na zaidi. Kumi za hizi na kumi za zile ni mbali mbali sana. Na aseme kweli idadi, kwani daktari atapanga hesabu ya kupunguza kwa kuanzia idadi hiyo.

Angalia tena kama ni tramadoli tupu au imechanganywa na parasetamoli. Hili linawahusu na wale wa kodeini. Mtu akiongeza vidonge vya mchanganyiko kwa kutafuta afyuni, parasetamoli nayo inaongezeka bila ya yeye kuihesabu, na kikomo chake kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, ambazo ni vidonge vinane vya miligramu 500. Ini huweza kuharibika wakati mtu anajiona mzima. Kama ni ya mchanganyiko, aombe kipimo cha ini siku hiyo hiyo.

Mzee wa Karafuu

Wanangu, nimesoma na nimefaidika. Hata hivyo naona mmeziruka dawa zetu. Wazee wetu walitibu maradhi ya tumbo, baridi na kukosa usingizi kwa tangawizi, mchaichai, mdalasini, habasoda na asali, na mwenye kukosa usingizi alisagiwa kungumanga akanywa na maziwa. Hijama nayo ni sunna na wengi imewafaa. Mwenye arosto anaumwa na tumbo, baridi na usingizi, basi kwa nini asitumie hivi, badala ya kutoka kwenye kidonge akaingia kwenye kidonge chengine?

Muuguzi wa Mwera

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi majumbani.

Tangawizi inasaidia kichefuchefu, hilo limechunguzwa kwa wajawazito na kwa wagonjwa wengine, na mwenye arosto anayeweza kunywa kikombe cha chai ya tangawizi nyepesi namruhusu bila wasiwasi. Mchaichai na mdalasini kwa kiasi cha chai ya kawaida humpa joto na kumfanya akubali kunywa, na kunywa ndiko ninakokutaka mimi. Asali kijiko ni sukari kwa mtu ambaye hajala. Kuoga maji ya moto na kukandwa miguu kunapunguza maumivu ya misuli kwa kweli kabisa, na usiku wa pili na wa tatu, miguu inapokataa kutulia, mkono wa mama unaokanda una thamani kubwa. Hijama sitaikataza kwa mzima, lakini siku za arosto mgonjwa ameishiwa maji na presha yake iko chini, hasa kama anatumia klonidini, na kumtoa damu wakati huo kunaweza kumwangusha. Isubiri wiki chache.

Kungumanga, mzee wangu, nakuomba tuitenge. Chembe ya kutia kwenye biriani au kwenye uji haina neno. Lakini mwenye arosto haridhiki na chembe. Usingizi ukikataa huongeza kijiko juu ya kijiko. Kungumanga nyingi ni sumu: moyo huenda mbio, kinywa hukauka, mtu hutapika, huchanganyikiwa na kuona mambo yasiyokuwepo, na hali hiyo huweza kuendelea kwa siku nzima au zaidi. Juu ya arosto ya tramadoli hutaweza kujua kipi kimemtoka na kipi kimemwingia.

Ninachotaka kila nyumba iwe nacho kabla ya siku ya kwanza ni pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo siku nzima, hata akitapika asubiri dakika kumi aanze tena. Zikikosekana, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo hayatoshi peke yake kwa mtu anayeharisha sana. Uji wa mchele, supu ya kuku isiyo na pilipili, ndizi mbivu na wali mlaini vinamtosha. Urojo na achari aviache kwanza. Akikauka midomo, akakosa mkojo kutwa nzima, akashikwa na kizunguzungu kila anapoinuka, au akatapika kila kitu, hapo ni hospitali kutiwa maji ya mshipa.

Na niseme na hili, kwa sababu Ramadhani inapokaribia wengi hunia kuacha ndani ya mwezi mtukufu. Nia ni njema. Lakini mtu anayeharisha na kutapika akikaa kutwa bila maji anajidhuru, na Al-Baqara aya ya 185 imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyengine. Aanze kupunguza Rajabu au Shaaban, au amuulize daktari wake namna ya kupanga dozi baina ya futari na daku.

Mama Salma

Naomba na mimi niulize, ijapokuwa swali langu liko kando kidogo. Binti yangu ana selimundu. Akishikwa na maumivu hulazwa na kupewa sindano ya mofini au pethidini, kisha hurudi nyumbani na vidonge. Nikisoma uzi huu nimeingia hofu. Wapo jamaa wanaoniambia nimkatalie sindano asije akawa teja. Na kweli baada ya kulazwa muda mrefu mara moja alipiga miayo, akatokwa na jasho na tumbo likamuuma siku mbili, nikadhani maradhi yamerudi.

Mfamasia wa Mkunazini

Dada yangu, swali lako haliko kando hata kidogo, na nimefurahi umeuliza kabla hujamkatalia.

Maumivu ya selimundu yanatokana na chembe za damu kujikunja na kuziba mishipa midogo, hata sehemu za mwili zikakosa hewa. Ni katika maumivu makali kabisa ambayo mwanadamu huyapata, na kumnyima mofini kwa hofu ya uraibu ni kumtesa. Alichokipata binti yako baada ya kulazwa kinawezekana sana kuwa ni arosto ndogo ya mwili uliozoea dawa kwa siku kadhaa, na njia ya kuiepuka ni ile ile: kabla ya kuruhusiwa kutoka, umwombe daktari ashushe dozi kwa siku chache badala ya kuikata. Uraibu ni kitu chengine. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa bila maumivu, anapoificha, anapoendelea nayo na huku inamharibia skuli, kazi na jamaa. Binti anayepewa sindano hospitalini kwa maumivu yaliyo wazi hajafika huko.

Dawa ya selimundu yenyewe inayopunguza idadi ya mashambulio ni haidroksiyurea. Muulize daktari wake kama anaitumia au inamfaa, kwa sababu mashambulio yakipungua, na mofini inapungua.

Aliyetulia wa Jang'ombe

Nimekuwa nikisoma tu, lakini naona niongeze upande wa sisi wa methadoni, kwa sababu wengi wanaichukulia kama unga wa serikali.

Mimi nilitoka kwenye unga, na kabla ya unga nilikuwa kwenye vidonge. Kliniki ya methadoni ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja, ilifunguliwa mwaka 2015, miaka minne baada ya ile ya Muhimbili ya mwaka 2011. Unafika, unapimwa, unaandikwa, kisha kila siku unakunywa dozi yako ya maji mbele ya muuguzi. Mwanzo wake ni mdogo kwa makusudi, hawakupi kikubwa hata ukililia, na siku hizo za mwanzo bado arosto unaisikia. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaongeza vidonge pembeni. Baada ya dozi kufikia mahali pake niliamka asubuhi nikiwa na njaa ya chai kama watu wote, na nikaweza kukaa sokoni kufanya biashara bila kufikiria saa.

Anayeacha kwa mkupuo kwenye soba hausi, nyumba za kuachia unga, namheshimu, nimepita huko. Lakini nimewazika wenzangu waliotoka wazima, wakarudia mara moja tu kwa kipimo chao cha zamani.

Mfamasia wa Mkunazini

Ahsante sana, ndugu yangu. Jambo lako la mwisho ndilo lililonifanya niufungue uzi huu, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa namna mwili unavyofanya kazi.

Mwili uliozoea dawa huwa umejenga ustahimilivu, na ustahimilivu huo ndio uliokuwa ukimlinda asizimike kwa kapsuli kumi. Arosto ikiisha, ustahimilivu nao umeondoka. Mtu anajiona amepona, ngozi imerudi, anakula, jamaa wamefurahi. Na kumbe wakati huo ndio ambao kipimo chake cha zamani kinaweza kumzima pumzi. Kwa hiyo siku kumi za kuvumilia chumbani, bila ya mpango wa kinachofuata, zinaweza kumweka mtu kwenye hatari kubwa kuliko alivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaitanguliza tiba ya kuendelea na methadoni au buprenofini, pamoja na ushauri nasaha, mbele ya kumtoa mtu dawa mwilini tu na kumwacha. Kwa aliyekwishamaliza siku 7 hadi 10 bila afyuni yoyote, na ikiwa ya muda mrefu kama methadoni basi zaidi ya hapo, ipo pia naltreksoni, inayoziba milango ya afyuni ili hata akimeza asipate athari yake. Akipewa kabla ya muda huo humrushia arosto kali, na akiiacha kisha akarudia dawa, anarudia akiwa hana ustahimilivu.

Methadoni nayo si ya kuazimana. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, kwa sababu hujilimbikiza mwilini siku baada ya siku, na inayoonekana ndogo Jumatatu huwa kubwa Alhamisi. Kuchanganya na Valium (dawa ya kutuliza wahka), pombe au vidonge vya usingizi katika wiki mbili za mwanzo ndiko kunakoua. Kliniki hizi zimejengwa zaidi kwa ajili ya wenye heroini, na kama mtu wa tramadoli methadoni inamfaa au inatosha kupunguziwa taratibu, hilo ataliamua daktari baada ya kumwona.

Muuguzi wa Mwera

Naongeza mawili kwa haraka.

Mjamzito asiache ghafla. Arosto ya mama humfikia mtoto tumboni, na huhofiwa mimba kutoka au uchungu kuja kabla ya wakati. Anayegundua kwamba ana mimba na huku anatumia dawa hizi aende kliniki ya wajawazito na aseme, na tiba inayopendekezwa ni methadoni au buprenofini mpaka ajifungue. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto yake, analia sana na hanyonyi vizuri, lakini hilo linatibika akiwa hospitalini.

La pili ni wenye kifua kikuu. Rifampisini huliharakisha ini kuichoma methadoni, na mtu aliyekuwa ametulia huanza arosto ndani ya siku chache za dawa za TB. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, nazo hufanya hivyo. Wengi hudhani dawa za TB zimewakataa, wakaziacha. Dozi ya methadoni hupandishwa na daktari, na TB inaendelea kutibiwa. Akimaliza rifampisini arudi tena kupunguziwa, kwa kuwa ini litapoa na dozi ile ile itamzidi.

Mtoto wa Wete

Nimerudi na habari. Tumempeleka. Mwanzo alikataa, lakini nilipomsomea sehemu ya kusikia sauti alinyamaza, kisha akasema twende. Daktari hakumgombeza. Amemwandikia ratiba ya kupunguza, kapsuli moja kwa wakati, na kila wiki arudi aonekane. Vidonge anaviweka mama, humpa kwa saa. Ameambiwa asimeze kingine chochote cha usingizi. Kipimo cha ini amechukuliwa.

Mama bado anamsomea usiku, na yeye anasema humtuliza. Nina swali moja lililobaki. Daktari ametaja degedege. Likimshika usiku na sisi tuko nyumbani, tufanye nini?

Mfamasia wa Mkunazini

Alhamdulillahi, na mpe mama salamu zangu. Kuweka vidonge mkononi mwake ni nusu ya tiba.

Likimshika, mwondolee vitu vya kumuumiza karibu yake na mwekee kitu laini chini ya kichwa. Msimkamate kwa nguvu, na msimtie kijiko wala kidole wala maji kinywani. Angalieni saa. Likitulia mlazeni ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, na mkae naye mpaka azinduke vizuri. Likizidi dakika tano, au likirudia kabla hajazinduka, ni gari na hospitali wakati huo huo. Na kwa kuwa itakuwa ni mara yake ya kwanza, hata likiisha lenyewe apelekwe usiku ule ule.

Kama badala ya degedege mtamkuta amelala haamki hata akitikiswa, anakoroma na kuvuta pumzi kwa tabu au kwa nadra, midomo imegeuka rangi na mboni zimekuwa ndogo mno, hiyo ni dawa iliyomzidi. Mlazeni ubavu, kimbieni hospitali, na asipovuta pumzi mpulizieni mdomo kwa mdomo njiani. Hospitalini kuna naloksoni ya kuirudisha pumzi, lakini hufanya kazi kwa muda mfupi, mara nyingi baina ya nusu saa na saa moja na nusu, kwa hiyo akizinduka asirudishwe nyumbani kabla daktari hajamruhusu. Katika hali zote mbili jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba dawa yenyewe ni tramadoli, amemeza kiasi gani na saa ngapi, na chukueni kasha lake pamoja na ratiba mliyopewa.